Mmea wa Kichwani pa Mama

Programu ile iliingizwa kwenye telefone yangu na mteja. Mimi ni mshonaji, nina kibanda karibu na soko, Uvira, na mteja huyo alikuwa anangoja nimalize kupinda gauni lake la harusi ya mdogo wake. Alipochoka kungoja alichukua telefone yangu, akauliza kama nina mega za intaneti, akanionyesha: unapiga foto ya jani, unasubiri kidogo, telefone inakuambia jina. Ndege vilevile, mjusi vilevile. Nilimwambia sina kazi na majina ya mijusi. Gauni likaisha, akaenda zake, nami nikabaki nampiga foto mjusi wa ukutani.

Tangu hapo sikuacha. Kila nilichokutana nacho nilikiuliza. Magugu ambayo ziwa liliyaacha uani lilipopanda na kushuka tena, buibui wa chooni, ndege weusi wanaokaa kwenye nyaya za umeme ambao haupo. Asubuhi moja kiboko alipita mtaani akala mahindi ya jirani, nikapiga foto ya mavi yake, na telefone ikanijibu kwamba haioni kiumbe chochote hapo, nijaribu tena kwa karibu. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Kaka yangu, ambaye namwita yaya kwa kuwa ndiye mkubwa, alisema: "Weye siku moja utatupiga foto siye, ikuambie kama tuko bantu ao banyama."

Niseme ukweli, nilipenda kujibiwa. Nyumbani kwetu kuuliza ni kazi. Ukimwuliza papa, baba yetu, jambo la zamani, anasema ile ilipita. Ukimwuliza yaya, anakutania kwanza, halafu anasahau kujibu. Telefone haikuniambia kwamba nauliza sana. Ilikosea mara nyingi, tena bila haya, na siku moja iliyaita majani ya lengalenga niliyokuwa napika kwa jina la ua la Amerika. Lakini ilijibu.

Miaka hiyo papa alikuwa anaishi kwangu. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na utando mweupe. Alijua mwanga na giza, basi. Alikaa mlangoni kwenye kiti cha plastiki, redio mapajani, na hakuna kilichompita masikio. Alizisikia habari za programu yangu, akakaa nazo kimya siku kadhaa, maana ndivyo alivyokuwa. Halafu mchana mmoja, tunakula bukari na samaki wadogo wa ndagala, akauliza:

"Ile telefone yako, inajua mumea ya mama yenu?"

Mikono yetu ilisimama juu ya sahani. Kwetu mama hakutajwa ovyo. Alikufa nikiwa mdogo, hata sauti yake siikumbuki, akazikwa Luberizi, kwenye uwanda wa Ruzizi, ndani ya shamba letu. Baadaye vita vilizidi, papa akatuchukua tukakimbilia Uvira, na hatukurudi kuishi kule. Nyumba ilianguka. Msalaba ulikuwa wa mti, na mchwa wa Luberizi hawabagui dini.

Papa alieleza polepole, huku akitafuna. Upande ule wa kijiji chetu, zamani, watu hawakujenga makaburi kwa simenti. Ukimzika mtu, unapanda kichwani pake mmea mmoja wa majani marefu mekundu. Mbuzi hawauli, kiangazi hakiuui. Hakuna anayeukata na hakuna anayeupanda nyumbani kwake. Ukiuona mahali, hata katikati ya shamba la mihogo, unajua kuna mtu chini, unapita kando. Yeye mwenyewe aliupanda kwa mama, kwa mikono yake.

"Minye sasa nimechoka," akasema. "Munizike kando yake. Sitaki makaburi ya hapa mujini, bantu banarundikana kama fungu za ndagala. Lakini ni lazima mujue ni wapi iko. Minye sina macho. Muende, mutafute mumea, muweke alama."

Hiyo ndiyo ilikuwa haja yake, na tangu siku ile hakuwa na nyingine. Dawa hakuzitaja tena, wala kule kupasuliwa macho ambako yaya alikuwa akimwahidi kila Pasaka. Kila asubuhi aliuliza tunakwenda lini. Yaya alisema afadhali papa apelekwe akaonyeshe mwenyewe. Akaonyeshe nini? Nyonga yake haikukubali moto, yaani pikipiki, wala gari, na hata kama tungembeba mgongoni, angesimama pale bila mlango wa nyumba wa kuanzia kupima na bila macho, anyooshe kidole hewani. Kilichobaki ni mmea, na sisi watoto wake, tuliokulia mjini kati ya misalaba ya simenti, hatukuujua.

Alitupa jina lake la Kifuliiru. Nililiandika kwenye telefone, telefone haikulijua. Basi nikaanza kutafuta kwa kuanzia mwisho: nitafute kwanza mmea, jina litakuja. Nilizunguka Uvira nikipiga foto kila chenye jani jekundu, na ukishaanza kuyatafuta utashangaa yalivyo mengi. Telefone ilinipa majina. Pale wenye nyumba waliponiruhusu nilichuma jani nikampelekea papa. Alilipitisha kati ya vidole, anasema: "Hapana, hili iko na nywele." Au: "Hapana, hili ni nyepesi sana, inapasuka." Nilianza kukasirika. Nilimwambia, papa, jani ni jani, tuchukue moja twende. Akaongeza sauti ya redio.

Niliupata mahali ambapo sikuwa nautafuta, kwenye bustani ya hoteli moja kando ya ziwa, nilikokwenda kumpima mteja nguo. Ulikuwa umepandwa pande mbili za njia, kuanzia langoni hadi kwenye meza za bia. Majani marefu, mekundu ya kuelekea zambarau, yamejikusanya juu ya kijiti kimoja chembamba. Telefone haikusita. Ilinipa jina la Kilatini, Cordyline, na chini yake maelezo ya Kifaransa: mmea wa mapambo, hupandwa sana kwenye bustani na nyuzio, huota kwa urahisi kutokana na kipande cha kijiti. Nikachuma jani moja mlinzi akiangalia upande mwingine.

Papa aliligusa kidogo tu, akaliachia likaanguka sakafuni.

"Njo huu," akasema. "Toa mu nyumba. Toa mbio."

Nilipomweleza nimelitoa wapi akaanza kucheka, kucheka kweli, mpaka akakohoa. "Bantu banakunywa bia mu makaburi," akasema, na akalirudia hilo kwa kila mgeni aliyefika kwetu juma lile.

Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Sasa nilikuwa na jina, tena programu ilikuwa hodari kwa mmea huo. Niliijaribu kwa jani lililooza, kwa chipukizi, kwa jani lililokauka njiani, na kila mara ilirudi na jina lilelile. Nikajiambia kwamba hata kama kule Luberizi umebaki mche mmoja ndani ya magugu, telefone itauona. Nilinunua mega za kutosha, nikachaji batri mpaka ikajaa, nikamwambia papa alale tu, mkewe atapatikana.

Shamba letu lilikuwa mikononi mwa mama mmoja mjane. Alishuka na mumewe na watoto kutoka milimani, kule juu kwenye baridi, wakikimbia ya kwao kama sisi tulivyokimbia ya kwetu, na papa akawaruhusu kujenga na kulima mpunga. Kila mavuno walileta gunia barabarani, yaya akalipokea, wakaulizana habari, basi. Mume alikufa. Mabinti waliolewa, wengine wakaenda kutafuta maisha Bukavu, mama akabaki peke yake. Yaya alimjua kwa miaka na miaka, lakini hakuwahi kufika uani kwake. Gunia lilimkuta barabarani, ya nini kutembea? Kwa hiyo hakuna kati yetu aliyejua tunakwenda kukuta nini.

Tulikwenda kiangazi kilipoanza, barabara ikiwa tulivu, yaya anaendesha moto nami nimekaa nyuma na telefone kifuani. Ng'ombe walikuwa wakivuka barabara kwa raha zao. Kwenye njia ya shamba tulishuka kwa sababu mfereji ulikuwa umemwaga maji, tukasukuma moto. Nikaitoa telefone mapema kabisa, nikaifuta kioo, niwe tayari kuchungulia kila kichaka.

Sikuhitaji kuchungulia. Mbele yetu, kuizunguka nyumba nzima, kulikuwa na uzio wa majani mekundu.

Ulikuwa mzuri, lazima niseme. Ulipandwa kwa mstari ulionyooka, umekatwa juu sawasawa, unafika kifuani. Ulianzia kwenye mfereji ukaizunguka nyumba, ukazunguka jiko, banda la mbuzi, choo na uwanja wa kuanikia mpunga, ukarudi mferejini. Ndani yake ilipandwa mingine, pande mbili za njia ya kuelekea mlangoni, sawa na pale hotelini.

Yaya alisimamisha moto. "Apa bamezika bantu bangapi?" akauliza.

Nilipiga foto mmea wa kwanza. Cordyline. Nikasogea, nikapiga wa pili. Cordyline. Niliendelea hivyo upande mmoja mzima wa uzio, kama mjinga, nikitumaini kwamba mmoja utatoa jibu tofauti na mengine. Yaya alinifuata nyuma bila kunitania, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba mambo ni mabaya. Telefone ilijua vizuri sana huu ni mmea wa namna gani. Mimi nilitaka kujua ni upi.

Mjane mwenyewe alitoka jikoni akipangusa mikono kwenye kitenge. Alikuwa mtu wa umri wangu au ananizidi kidogo, mrefu, mwenye sauti ya chini ya watu wa milimani. Alifurahi kutuona, ungesema tumeleta habari njema. Akatoa viti, akatoa maziwa, akatufukuzia kuku miguuni. Aliponiona na telefone alifikiri nasifu kazi yake.

"Unapenda maua yangu, dada?" akasema. "Chukua. Unakata kipande kama hivi, unachomeka mu udongo tu, inashika. Nilikuta moja hapa wakati tulifika, mukubwa, iko peke yake. Nikaipenda. Nikakata, nikapanda, nikakata tena. Kwetu kule juu haiko."

"Ile moja ilikuwa wapi, mama?" nikauliza.

Aligeuka akaangalia uwanja wake. Alinyoosha mkono upande wa choo, akasita, akaurudisha upande wa uwanja wa mpunga. Nyumba hii ilikuwa ya pili. Ya kwanza ilichukuliwa na maji. Mfereji nao ulihamishwa. Mmea wa zamani ulizeeka ukainama, akaung'oa siku alipokuwa anapanua uwanja, au labda kabla ya hapo, mumewe alipojenga banda. Hakukumbuka, na kwa nini angekumbuka? Kwake lilikuwa ua.

"Juu ya nini unauliza?"

Yaya alinitazama. Kazi za namna hii huniachia mimi. Nikamweleza yule mama habari yote: papa na macho yake, haja yake, desturi ya pale, ule mmea unapandwa wapi na kwa nini hakuna mwingine anayeugusa. Nilieleza kwa kifupi na bila kupamba. Sikujua njia nyingine ya kulisema.

Viti vilikuwapo, lakini alikaa chini, kwenye udongo.

"Kila moja ni muntu?" akauliza.

"Hapana, mama. Lakini bantu ba hapa, bakiona moja, banajua kuna muntu."

Aliangalia uzio wake. Kuku walirudi, hakuwafukuza. Aliposema, alisema kana kwamba anaongea na mtu mwingine aliyekaa kati yetu.

"Njo maana," akasema. "Njo maana hawaingii."

Akatueleza. Majirani zake walimwita kutoka barabarani. Mtu akitaka kuazima kinu alisimama pale kwenye nafasi ya uzio, pa kuingilia, akaita, akapokea, akaenda. Mumewe alipokufa walikuja kweli, wengi, wakasimama nje ya uzio, wakaimba nje ya uzio, na chakula alichopika kwa matanga kikaliwa na mbuzi. Binti yake alipoolewa ilikuwa hivyohivyo. Hakuna aliyemkosea adabu. Walimsalimu vizuri sokoni, walimsaidia kuvuna, lakini kuingia, kukaa, kunawa mikono na kula kwake, hapana.

"Nilisema ni juu ya kabila," akasema. "Nilisema, hawa hawatupendi kwa sababu tumetoka juu. Basi nikazidi kupanda. Nilisema, nikipapendezesha, siku moja bataona haya, bataingia."

Yaya aliangalia viatu vyake. Mimi nilikuwa na glasi ya maziwa mkononi na sikujua pa kuiweka. Nilimhurumia mama yule, na wakati huohuo nilikuwa nikiangalia juu ya kichwa chake, naupima uzio kwa macho, natafuta mmea wowote ulio mnene kuliko mingine. Yote mawili yalikuwamo ndani yangu, na la pili ndilo lililokuwa na nguvu.

Aliinuka ghafla. Alikwenda nyuma ya jiko akarudi na jembe, akaanza na mmea wa karibu kabisa na mlango. Mapigo machache ulilala chini na mizizi yake. Akaushika wa pili.

Nilimkimbilia. "Usiing'oe, mama. Nakuomba sana."

"Niache. Nimelala mu makaburi miaka yote hii na hakuna muntu alinifungulia kinywa."

"Moja ni ya mama yangu."

"Iko wapi? Nionyeshe, nitaiacha. Nyingine natoa leo."

Alikuwa na haki. Hiyo ilikuwa nyumba yake, na mimi nilikuwa namwomba aendelee kulala kati ya mimea ile kwa sababu sikujua nimwonyeshe upi. Niliona hasira inanipanda. Nilimkasirikia yeye kwa jembe lake, nikawakasirikia majirani kwa adabu yao, nikamkasirikia papa ambaye miaka yote hiyo hakufikiri kumwambia mpangaji wake neno moja. Telefone ilikuwa bado mkononi, kioo kimewaka, jina la mmea limeandikwa vizuri pale juu. Nilitamani kuitupa mferejini.

Yaya ndiye aliyesema, "Tumupigie papa."

Rezo, yaani mtandao, ilikuwa ndogo. Tulipanda tuta la mfereji, watu wazima watatu, mmoja na jembe begani, tukampigia. Jirani aliyekuwa anakaa naye alipokea, akamwekea sikioni. Nikamweleza yote, tangu uzio hadi jembe. Nilisikia redio yake nyuma. Nilisikia anavyopumua.

"Huyu mama iko analia?" akauliza.

"Hapana, papa. Iko na jembe."

"Mupe telefone."

Nikaweka sauti ya nje, nikampa. Papa alimsalimu kwa utaratibu wote, kana kwamba hapakuwa na haraka duniani: habari za nyumbani, habari za mabinti, mpunga umezaa namna gani, mbuzi wamefika wangapi. Mama yule alichuchumaa pale kwenye tuta akijibu, ndiyo papa, salama papa, na jembe likateremka kutoka begani bila yeye kujua.

"Mama," papa akasema, "weye hauna kosa. Ni minye nilikupa shamba, sikukuambia iko na muntu ndani. Unisamehe."

"Ndiyo, papa."

"Sasa usikate. Uniachie, kwa siku zenye zimebaki. Nakuomba tena kitu kingine. Unipe nafasi mu lupango yako, ndani ya huo uzio, pahali popote utapenda, pale minye sitakusumbua na mpunga wako. Banizike ndani mule." Alivuta pumzi. "Nitamutafuta mwenyewe."

Yaya aligeuka akaangalia mashamba. Mimi nililia, na sikuona haya.

Mama yule alijibu kama mtu anayekaribisha wageni na anayajua matatizo ya nyumba yake. "Na bantu, papa? Matanga itakuwa namna gani? Bantu hawaingii kwangu."

"Bataingia," papa akasema, na nilisikia kicheko kimemkaa kooni. "Minye ni muntu wa pale. Batanizika bakiwa bamesimama mu barabara?"

Alinirudishia telefone akiwa bado amechuchumaa. Kisha alishuka, akauchukua ule mmea alioung'oa, akaurudisha shimoni mwake na kukanyagia udongo kwa mguu. Siku ile alitupikia bukari na maharagwe na tulikula uwanjani, katikati ya uzio wake, yeye akituangalia tunavyokula. Yaya aliongeza mara mbili, na sidhani ilikuwa kwa njaa tu.

Papa alikufa masika, mchana, kwenye kiti chake, redio ikiwa inaongea. Tulimsafirisha hadi Luberizi ndani ya kamioneti, njia ya shamba ikiwa matope matupu, na vijana wa kijiji walitoka kusukuma kabla hatujawaita. Habari ilikuwa imetangulia. Watu walikuwa wengi barabarani, wazee wengi kuliko nilivyotegemea, watu waliomjua papa akiwa kijana na waliomzika mke wake. Niliwauliza. Wote walikumbuka siku ile, na kila mmoja alionyesha pahali pake.

Walisimama pale kwenye nafasi ya uzio. Mwenye nyumba alikuwa ndani, amevaa kitenge kipya, masufuria yanachemka nyuma yake tangu asubuhi. Hakumwita mtu. Jeneza liliingia kwanza, limebebwa na yaya na vijana. Mzee mmoja mwenye fimbo, aliyekuwa akivua samaki na papa mtoni walipokuwa wavulana, alilifuata bila kuangalia kulia wala kushoto. Nyuma yake wakaingia wengine, kwanza mmojammoja, baadaye kwa makundi. Nilimwuliza mama mmoja jirani, aliyekuwa ameketi karibu yangu, kwa nini hakuna aliyemwambia mwenzao miaka yote ile. "Tulizani anajua," akanijibu. "Tulisema labda banakuwa na yao kule juu. Utamuuliza muntu juu ya bantu bake benye balikufa?" Hakulisema kwa ubaya. Baadaye nilimwona ananawa mikono na kuketi mbele ya sahani, na mwenye nyumba akimwongezea mchuzi kabla sahani haijaisha.

Lakini kabla ya kula kulikuwa na kuchimba. Wachimbaji walisimama na majembe wakauliza ni wapi, mimi na yaya tukaangaliana. Mzee mmoja alisema upande wa jiko, mwingine upande wa mfereji, sauti zikaanza kupanda. Mwenye nyumba akapita katikati yao. Alikwenda hadi kwenye uwanja wake wa kuanikia mpunga, ule alioupiga na kuusiliba kwa mavi ya ng'ombe mpaka ukawa mgumu kama sakafu, akavua viatu, akasimama pale.

"Apa," akasema. "Mpunga nitaanika kwenye mikeka."

Nilimwambia kwamba papa hakutaka kumsumbua na mpunga wake. Akasema amesikia alivyoomba papa, na shamba ni la papa, lakini nafasi aliambiwa achague yeye. Akahesabu kwa hatua kutoka uzio wa upande huu, akarudi akahesabu kutoka upande ule, akasogea kidogo kuelekea jikoni, akawaonyesha wachimbaji kwa kisigino. Tulimzika katikati, ili asiwe mbali na upande wowote.